Mashine ya mtumba kwa mashua ya zamani: mi rangi mpya naiogopa

Tangu mashua ya baba mdogo irudi majini hapa Mikindani watu wananiuliza swali lilelile, kwanini nimechukua kimashine cha hosipawa 15 kilichochakaa vile wakati mjini nilionyeshwa cha 40 kinang'aa na bei hazikupishana kivile. Sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja kijiweni, naandika hapa mara moja. Najua huku kusini kuanzia Kilwa mpaka Msimbati kuna vijana wengi wana vyombo vya mbao vya urithi vimelala pwani vinasubiri mashine, na hela ya mashine mpya hakuna, na wenye mashine za kuuza wanajua kabisa kwamba hela hakuna.

Msimamo wangu ni huu: ukinunua mashine ya mtumba nunua iliyo kazini. Ile ambayo alfajiri ya leo imetoka baharini na mwenyewe bado ana magamba ya vibua mikononi. Achana na iliyopumzika, hata kama imepumzika kwenye stoo nzuri, hata kama mwenyewe anaapa ilitumika mara chache tu. Najua inasikika kinyume, maana mtu anaona iliyotumika sana imeisha na iliyotumika kidogo ni nzima, kwa gari pengine sawa, kwa mashine ya baharini sikubali.

Angalia inavyofanya kazi. Haina rejeta, inapozwa na maji yaleyale ya bahari inayopita juu yake. Kuna impela (kipanga cha pampu) ya mpira kwenye mguu unaoingia majini, inavuta maji yanapanda juu yanazunguka silinda kisha yanashuka na kutoka, na mengine yanatoka kwa ule mkojo unaouona nyuma. Ukizima, maji yanashuka ila chumvi inabaki kwenye vile vijia vyembamba. Kama kesho unawasha tena basi inaloweka na kusukumwa, lakini kama ilizimwa ikawekwa pembeni bila kusafishwa kwa maji ya bomba au ya kisima, ile chumvi inakauka inaganda na inaanza kula aluminiamu taratibu mwenyewe umelala. Impela nayo imekaa imejikunja upande mmoja miezi yote, mpira unakakamaa na umbo lile. Petroli iliyobaki kwenye kabureta inageuka gundi. Halafu hizi mashine za tu stroki (two-stroke) hazina sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kinacholainisha beringi za krenki ni ile oili uliyochanganya kwenye petroli tu, injini ikikaa sana utando wa oili unakwisha na kutu inaanza kule ndani ambako huoni mpaka upasue. Kwahiyo "haijatumika sana" kwangu mimi si sifa, ni swali.

Haya, tuje kwenye mashua. Ni ya mbao, mita sita na ushee, pana, nzito, mbao zake nene za kizamani, ilikuwa na mashine ya 25 ambayo chumvi iliila mpaka bloku ikatoboka, ikabaki inaenda kwa tanga na pondo. Tuliipandisha juu tukaipiga kalafati upya, mbao mbili za chini tukabadilisha, mafuta ya papa nje, yote hayo yako sawa. Lililobaki ni mashine, na hapo ndo kila mtu kijiweni anakuwa injinia.

Vijana wote wanasema 40. Nawaelewa, ukiwa na boti ya faiba nyepesi unakimbiza ringineti (wavu wa kuzungushia samaki) usiku 40 ina maana yake, faiba inanyanyuka inateleza juu ya maji. Mashua ya mbao ya tumbo hainyanyuki. Chombo cha kulima maji kina mwendo wake kulingana na urefu wake, cha mita sita mwendo wake ni kama noti sita hivi, kilomita kumi na moja kwa saa, ukizidisha nguvu hapo unachopata ni tezi (nyuma) kuzama na omo (mbele) kunyanyuka na wimbi kubwa nyuma, mwendo unaongezeka kiduchu na petroli inamwagika. Arobaini ya tu stroki ukiikaza mpaka mwisho inakunywa lita kumi na tano kwa saa na zaidi, 15 inakunywa kama nusu ya hapo. Sasa mimi napeleka watu wa mishipi kwenye miamba na kurudi, natoka na samaki, changu na tasi, wa kujaza ndoo kadhaa, hiyo petroli ya 40 nailipa na nini? Na uzito pia. Mashine ya 40 ni mzigo wa wanaume wawili, unauning'iniza kwenye ubao wa tezi wenye umri kunizidi, kusi ikipiga kila wimbi linaung'oa ubao kidogo kidogo. Ubao wa tezi ukifunguka katikati ya bahari hautazami hosipawa zako.

Hata hivyo ile 40 nilienda kuiona. Sikatai kuona kitu bure.

Ilikuwa juu ya stendi ya mbao, kava limepigwa rangi, mguu umepigwa rangi, stika mpya, mwenyewe mchangamfu sana anakuita bosi kabla hujasalimia. Nikaenda na mjomba mmoja fundi wa hapahapa Mikindani, mzee wa maneno machache. Kitu cha kwanza alichofanya alifungua kava akaweka kiganja kwenye silinda. Ya moto. Akamwambia jamaa, "Kijana umeshaiwasha kabla hatujaja." Jamaa akasema nilikuwa nawapashia ili msihangaike. Mjomba akafunga kava. Mashine yenye shida ya kuwaka inajificha hapo, ikishapata moto inawaka kwa mvuto mmoja na mnunuzi anafurahi, kesho yake alfajiri ikiwa baridi unavuta kamba mpaka bega linaitika. Ukiwa unakwenda kukagua mwambie muuzaji kabisa usiwashe, nataka niikute baridi.

Pamoja na hayo tukaendelea kuiangalia kwasababu tulishatoa nauli. Rangi ilikuwa imepita hadi juu ya vichwa vya boliti, ina maana aliyepaka hakufungua kitu, kapulizia tu. Sehemu moja kwenye mabano ya kufungia, pale panapobeba uzito wote, mjomba alikwangua kidogo na ukucha wa bisibisi ikaonekana welding. Aluminiamu iliyovunjika ikachomewa, kwenye bano. Tukashukuru tukaaga. Jamaa alitushushia laki nne tukiwa tunavaa helmeti za bodaboda, na hiyo ndo ilinipa jibu la mwisho.

Ya pili ilikuwa Lindi mjini, safari ya basi hiyo, 25 safi kwa macho. Hii sitasema mengi. Tulitoa flaiwili (lile gurudumu zito juu ya injini) kwa ruhusa ya mwenyewe (mstaarabu kwa kweli, hakuficha chombo wala spana) na chini yake kulikuwa na mchanga laini umekauka. Mchanga hauingii chini ya flaiwili kwa upepo bwana. Ile mashine ilizama, chombo kilipinduka au iling'oka ikaenda chini, ikatolewa ikakaushwa. Mashine iliyozama inaweza kupona kama ilifunguliwa siku hiyohiyo ikaoshwa kwa maji ya kisima na kumwagiwa oili ikawashwa, ikilala na maji ya chumvi ndani usiku kucha beringi zimeshaondoka. Na nani anajua ililala siku ngapi. Tukala pilau tukarudi Mtwara.

Ya tatu ndo hii. Habari zake nilizipata kwa dereva wa bodaboda pale feri, kwamba ng'ambo Msangamkuu kuna mzee anataka kupanda kwenda 40 maana mtoto wake kajenga faiba, anauza 15 yake. Hiyo tu ikanivuta. Sababu ya kuuza ni nusu ya ukaguzi, mtu anayeuza kwasababu anapanda juu ana mashine nzima, mtu anayeuza kwasababu "nimeamua tu kubadilisha biashara" muulize maswali mengine. Ilikuwa kipindi cha hela za korosho kuanza kutoka na nilijua nikichelewa mtu atatoka Newala huko na bahasha achukue bila kukagua.

Tukavuka na pantoni mapema sana ili tumkute anarudi kuvua. Tukamkuta. Mashine ni Yamaha Enduro 15, pistoni mbili, kava limepasuka pembeni limefungwa na kamba ya nailoni, rangi imeondoka, mpini umefungwa mpira wa baiskeli. Mbaya kabisa. Mjomba akatabasamu, na huyu mzee hatabasamu ovyo.

"Shikamoo shehe."

"Marahaba wanangu, mmekuja kuitazama au kuinunua?"

"Tumekuja kuitazama, kununua itasema yenyewe."

Mzee akacheka akasema itasema, kaeni tu ipoe kwanza, akatuletea na uji. Nikajua hapa tuko na mtu.

Ilipopoa tukaanza. Plagi zote mbili nje. Mnaotaka kujifunza jifunzeni kusoma plagi, zote mbili ziwe na rangi moja ya kahawia, ikiwa moja nyeusi ya mafuta na nyingine nyeupe kavu basi silinda mbili haziishi maisha mamoja na ile nyeupe iko njiani kuyeyuka. Zilifanana. Kisha geji ya kompresheni (inapima mgandamizo ndani ya silinda), hii mjomba anayo, mafundi wengi wa pikipiki hapa mjini wanazo mkibembelezana. Unafungua mafuta yote kwenye mpini, waya za plagi unazigusisha kwenye bodi zisije kuunguza koili, unavuta kamba mara kadhaa mpaka sindano isipande tena. Namba yenyewe inategemea na geji na mkono wa mvutaji, watu wanabishana sana hapo, wengine wanasema psi mia, wengine mia ishirini. Cha muhimu silinda zisipishane zaidi ya asilimia kumi. Hii ilipishana kidogo sana, na zote zilikuwa juu ya mia. Ringi za pistoni zipo.

Gia boksi. Chini ya mguu kuna skrubu ya kutolea oili, legeza kidogo acha tone moja mbili zianguke kidoleni. Ikitoka nyeusi au kahawia safi sawa, ikitoka rangi ya chai ya maziwa maji yameingia, sili (mipira ya kuzuia maji) zimekufa. Yetu ilitoka na kijiweupe kwa mbali. Hapo mjomba akatoa propela yenyewe, na nyuma yake kumbe kulikuwa na mshipi umejisokota kwenye shafti, ule wa nailoni. Hii ni kitu ya kawaida sana kwetu wavuvi, mshipi unanaswa unajizungusha unajipenyeza nyuma ya propela, na unakata sili kidogo kidogo kila siku. Mzee mwenyewe alikuwa hajui. Sili mbili si bei, gia zenyewe ukizungusha kwa mkono hazikuwa na mkwaruzo na oili haikuwa na vumbi la chuma, kwahiyo tukaihesabu kama punguzo la bei. Ukizungusha shafti bila propela tazama ncha yake, ikicheza duara ujue iligonga mwamba ikapinda.

Halafu majini. Hapa ndo watu wengi wanaibiwa, wanawasha kwenye pipa wanasikia inanguruma wanatoa hela. Kwenye pipa hakuna mzigo. Propela ya hizi mashine imekaa juu ya mpira katikati, ule mpira ukichoka mashine inazunguka na propela inateleza, na utaliona hilo ukiwa na mzigo tu, unavuta moto sauti inapanda chombo hakiendi. Gia inayoruka nayo hairuki kwenye pipa. Tuliingia kwenye chombo cha mzee tukiwa watu watano, tukatoka mpaka nje ya mlango wa bandari pale maji yanapoanza kuwa na nguvu, mjomba akaikaza mpaka mwisho akaiacha hivyo kwa muda mrefu mpaka mimi nikaanza kuona aibu na petroli ya watu. Akashusha kwenye sailensa (mzunguko wa chini kabisa), haikuzima. Akatia rivasi, mbele, rivasi. Mkojo ulikuwa unatoka kwa nguvu, akaweka mkono, vuguvugu. Ukiwa wa kuunguza au unatoka kwa kudondoka basi impela imeisha au vijia vimeziba chumvi, na kuziba chumvi ni kesi kubwa kuliko impela.

Bei sitaiandika yote, mzee hapendi, ila tuseme chini ya nusu ya mpya na sili tulilipa sisi.

Karatasi. Hapa sisi watu wa pwani tunapuuza sana na mashine zinaibiwa kila siku, mtu analala anaamka chombo kipo mashine haipo. Soma namba kwenye kibati cha bano, ilinganishe na risiti ya mwanzo kama ipo, kama kibati kimekwanguliwa au kimebandikwa gundi toka hapo haraka. Mzee alikuwa na risiti yake ya kununulia, imekunjwa mpaka inachanika, lakini ipo. Tukaenda kwa mtendaji wa kijiji tukaandikishana, mashahidi wawili kila upande, namba ya mashine ikaandikwa, muhuri. Kuna mtu ataona ni usumbufu. Siku polisi wanakusimamisha na mashine mgongoni mwa bajaji utauona utamu wa ule muhuri. Na kama chombo kina usajili na leseni ya uvuvi ya halmashauri, nenda nayo karatasi hiyo ukawaambie umebadilisha mashine.

Kabla ya kununua nilikuwa nimeshapima kitu kimoja ambacho wengi wanakipima baada ya kununua. Mashine zina mguu mfupi na mguu mrefu. Mfupi ni wa ubao wa tezi wenye kimo cha kama sentimita 38, mrefu ni 51. Unapima kutoka pale mashine inapokaa juu ya ubao kushuka wima mpaka chini ya chombo. Lile bapa lililo juu ya propela linatakiwa likae usawa wa chini ya chombo au chini yake kidogo. Likiwa juu propela inakula hewa kila wimbi, inapiga kelele bila kusukuma na maji ya kupozea yanakatika, likiwa chini sana unaburuta mguu mzima majini na mashine inakaa karibu na maji inaloa. Sisi tulikuwa na kimo cha 46, cha katikati, hakimfai mtu. Ila mguu mrefu hauwezi kufupishwa na ubao unaweza kuongezwa, kwahiyo nilijua natafuta mrefu, na kwa bahati, mashine ya mzee mguu wake ulikuwa mrefu.

Ubao wa tezi tukaupandisha, na kwa ndani tukaongeza mbao nyingine nzima kutoka upande mpaka upande, ikafungwa kwenye mataruma (mbavu za chombo) ya nyuma kwa boliti za stenlesi zinazopita mpaka nje, washa pana pande zote. Misumari hapana. Msumari ulioshika miaka ya tanga hautashika mtetemo wa mashine. Zile skrubu mbili za bano nazo usiziamini peke yake, mashine ya kwetu imefungwa na cheni fupi kwenye pete ya chombo, ikiruka inaning'inia, haizami.

Mafuta: 50 kwa 1. Petroli lita ishirini, oili mililita 400, oili ya boti ya tu stroki iliyoandikwa TC-W3. Vijana wanaweka oili ya pikipiki, wengine ya lori kabisa, kwasababu ni rahisi na "inawaka tu". Inawaka ndiyo. Fungua kichwa baada ya msimu mmoja uone masizi yaliyoganda kwenye pistoni. Na wapo wazee wananiambia ningetafuta ile ya mafuta ya taa, zilikuwepo kweli na zilikuwa na raha yake, ila tangu serikali ipandishe kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili watu waache kuyachakachua kwenye dizeli, ile hesabu ilishakufa. Na wanaosema chukua foo stroki (four-stroke) ni kimya na inabana mafuta, kweli inabana, Ulaya na Marekani tu stroki za kabureta zimeshaondoka sokoni kwa ajili ya sheria za moshi. Lakini huku Mtwara tu stroki fundi wa chini ya mwembe anaipasua na kuirudisha mchana mmoja na spea zake zinapatikana hata kwa mtumba, foo stroki ikigoma uko Msimbati unaanza kupiga simu Dar.

Kila tukirudi inaingia kwenye pipa la maji ya kisima, inawashwa dakika kadhaa mpaka mkojo unatoka mtamu bila chumvi, halafu tunafunga petroli inajizima yenyewe kabureta ikauke. Kwenye chombo kuna kopo lenye plagi mbili za akiba, kotapini za propela, kamba ya stata, impela moja, spana ya plagi na bisibisi. Impela halisi na ya kuiga zinafanana dukani, ya kuiga ukiikunja na vidole inabaki na alama, halisi inarudi. Sili nilizoagiza Dar zilikuja na basi baada ya siku chache, mjomba akazifunga, oili ya gia tukaweka mpya, na wiki iliyopita tumeitoa tone tena kuangalia: nyeusi safi. Kava bado limepasuka. Kuna kijana kaniambia analo zima ila la rangi tofauti, anataka elfu themanini, nimemwambia hamsini.